Utani Nilioupiga Marufuku

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kuwakataza wanafunzi wasitaniane. Sikuwakataza kwa mdomo tu. Niliandika kanuni, nikaichapa kwa herufi kubwa, nikaibandika ukutani juu ya swichi ya taa ili kila anayeingia aione: HAPA HATUTANII. Kisha nikarudi nyuma kidogo, nikaona karatasi imekaa upande, nikaibandua na kuibandika upya kwa kutumia rula. Mkitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani, anzieni kwenye hiyo rula.

Nawaandikia ninyi mnaochukua chumba kile baada yangu. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mama yangu akilisikia neno hilo ananiuliza kama magoti yameanza kuniuma. Lakini tulikubaliana wenyewe tangu zamani kwamba anayewafundisha wanafunzi kusaidiana sharti awe wa rika lao, au angalau karibu nalo, na siku watoto wa mwaka wa kwanza watakapoanza kumwamkia shikamoo, afungashe. Mwaka jana niliamkiwa na wawili, nikajifanya sikusikia. Mwaka huu liliniamkia darasa zima, kwa sauti moja. Nikaitikia marahaba, nikaenda kutafuta boksi la kuwekea vitu vyangu.

Kazi yenyewe mnaijua, ila niiseme kwa ajili ya yeyote atakayeyaokota maandishi haya bila kutujua. Tunawafundisha wanafunzi wa chuo kikuu, hapa Dodoma, kuwasaidia wenzao wenye matatizo ya afya ya akili: kumtambua aliyeanza kuzama, kukaa naye, kumuuliza lile swali gumu, na kumfikisha kwa mtaalamu. Kutibu hatutibu. Sikusomea haya. Shahada yangu ni ya takwimu. Nikiwa mwaka wa pili nilianza kushikwa na hofu ndani ya chumba cha mtihani: moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, na karatasi ya maswali inageuka kuwa kama imeandikwa kwa lugha ya nchi nyingine. Nilifikiri nakufa. Wenzangu walifikiri nimelogwa, na mmoja alinishauri ninywe maji mengi. Nikaanza kusoma peke yangu, chochote nilichokipata, vitabu chakavu, video za kwenye simu, mpaka nikajua kwamba ninachougua kina jina na kina tiba. Nilipopona vya kutosha nikashindwa kunyamaza.

Mama mlezi wa wanafunzi, ambaye ofisi yake ndiyo inayohusika na maisha yetu nje ya darasa, alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akanipa stoo iliyokuwa na viti vibovu, akasema nijaribu muhula mmoja. Akaweka sharti moja: nisifanye peke yangu. Ndivyo nilivyompata Bi. Hawa.

Bi. Hawa ni Mrangi wa Kondoa, muuguzi wa afya ya akili ambaye yeye alistaafu kweli, kwa umri na kwa cheti. Alikuwa anafuga kuku Ihumwa na alikuja kwetu kwa bodaboda, kajitanda kanga juu ya sweta, mkononi mfuko wa karanga ambazo hazijamenywa. Karanga hizo ndizo zana ya kwanza aliyonifundisha. Mimi nilikuwa nimepanga viti viwili vinavyotazamana, na katikati meza yenye boksi la tishu. Aliuangalia mpango wangu, akauliza, "Hapa unamhoji mwizi?"

"Hapana, Bi. Hawa. Ni mahali pa kusikilizana."

"Toa meza. Weka benchi. Mtu ukimkazia macho usoni atakwambia nzuri tu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mpe karanga amenye. Akiangalia karanga, mdomo utajiendesha."

Nikaleta benchi. Lilikuwa linayumba, nikakosa usingizi kwa ajili ya mguu mmoja wa benchi. Lakini kuhusu karanga alisema kweli, na mpaka leo sijaona chombo kinachozishinda.

Mambo mengine nilifanya kwa akili yangu, na akili yangu wakati ule ilikuwa inaogopa kila kitu. Niliogopa mwanafunzi wangu akisema neno moja baya, mtu afe. Kwa hiyo nikawatungia sentensi za kusema, wakazikariri. "Nimeona siku hizi uko kimya, ningependa kukusikiliza." "Hisia zako ni halali." Kundi la kwanza walizijua zote kwa ghibu. Siku ya maonyesho mbele ya Mama mlezi walizitoa kama wimbo wa shule, na yeye akapiga makofi. Bi. Hawa aliendelea kumenya karanga. Nilipomuuliza anaonaje, akasema, "Wanasikiliza vizuri. Kama polisi."

Na ile kanuni ya utani ilikuwa na sababu yake. Mimi ni Mhehe. Tangu darasa la kwanza nimetaniwa kwamba sisi Wahehe tukiudhiwa kidogo tu tunajiua. Anayesema anacheka, wanaosikia wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka kuliko wote, kwa sababu kwa desturi makabila watani huruhusiwa kutaniana, na mtani hakasiriki. Kisha nikiwa kidato cha tatu, baba yangu mdogo, yule aliyenifundisha kuendesha baiskeli, alijiua. Tulizika, nikarudi shule, na wiki ileile mtu akautoa utani ule bwenini. Hakujua. Sikucheka. Tangu siku hiyo utani wote niliutia kapu moja, nikalifunga.

Katika kundi la pili akaja Damari. Alikuwa mwaka wa kwanza, anasomea ualimu, Mgogo wa Bahi kwenye majaruba ya mpunga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuwafukuza ndege shambani. Siku ya igizo mimi ndiye niliyeigiza mgonjwa. Nilikaa kwenye benchi nimeinamisha kichwa, nikisubiri sentensi namba moja. Damari akaja, akasimama mbele yangu, akashika kiuno.

"We Mhehe! Umeumwa wiki nzima, hata taarifa kwa wakubwa zako hujaleta? Nani kakuruhusu?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Nitakiri jambo ambalo sikulikiri wakati ule: kwa sekunde moja nilitaka kumjibu. Jibu lilishafika mdomoni. Badala yake nikanyoosha kidole ukutani.

"Soma pale."

"Nimesoma, Mwalimu. Lakini mtani hakasiriki."

"Hapa hakuna mtani. Toka."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Hakuna aliyecheka tena mpaka somo likaisha. Bi. Hawa alingoja wengine waondoke, akaniuliza, "Yule binti kakukosea nini?"

"Kavunja kanuni."

"Hilo nimeliona. Nauliza, kakukosea nini?"

Nikageuka kufuta ubao. Ningependa kuwaambia kwamba Bi. Hawa alinipa mafundisho makubwa palepale. Hakunipa. Baadaye alikiri kwamba hata yeye aliona binti yule ana kelele mno.

Mwezi wa saba wa mwaka huo ndipo kazi iliponijia kweli. Kijana anayeitwa Idi aligonga mlango wa stoo yetu, akaingia nusu, nusu akabaki nje.

"Kaka, sijui kama hili linawahusu."

"Sema tu."

"Mwenzangu wa chumbani. Maganga, yule Mnyamwezi wa Sikonge, mwaka wa pili jiolojia. Haendi darasani. Haogi. Anashinda kitandani, lakini ukimwangalia halali. Testi zote zimempita, na mitihani ndiyo hiyo inakuja. Akiikosa anadisko."

Kudisko ni kufukuzwa masomo; chuoni kwetu hilo ndilo neno linaloogopwa kuliko yote. Lakini Idi hakuwa amekuja kwa ajili ya mitihani. Alikuwa amekumbatia kitu kifuani.

"Jana kanipa hili koti. Kaniambia lichukue, mimi sina kazi nalo tena. Kaka, Dodoma hii, mwezi wa saba, na upepo huu, mtu anagawa koti?"

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu dalili. Hakuna ukurasa uliokuwa na koti. Lakini nilielewa, na mikono yangu ikaanza kufa ganzi kama zamani kwenye chumba cha mtihani.

Nilifanya nilichokijua. Nilimwambia Idi asimwache Maganga peke yake, na wenzake wa bloku, jengo lao la bweni, wakapokezana kukaa naye. Nikawatuma wanafunzi wangu wawili bora, waliokariri kila kitu. Walirudi wamenyong'onyea. "Tumemwambia hisia zake ni halali," mmoja akasema. "Akasema asante." Nikaenda mwenyewe, na shati nililolipiga pasi mara mbili. Maganga alikuwa kageukia ukuta. Nilikaa ukingoni mwa kitanda cha Idi, nikasema sentensi zangu zote kwa mpangilio, kwa sauti ya chini, kama nilivyofundisha.

"Nashukuru kaka," akauambia ukuta. "Niko poa. Uchovu tu."

Nilimtolea karanga. Hakugeuka.

Jioni tulikaa stooni mimi, Idi na Bi. Hawa. Mama mlezi alishatuambia msimamo wake, na alikuwa na haki: kama kesho mchana Maganga hajakubali kwenda hospitali kwa miguu yake, walinzi watambeba kwenye gari la chuo.

"Na abebwe, kama hakuna njia," akasema Bi. Hawa. "Uhai kwanza. Lakini nimepokea wengi waliobebwa. Wanafika mwili tu. Daktari anauliza, mtu hasemi. Anakaa siku zake, anarudi, na anachokumbuka ni kwamba walimshika mikono mbele ya bloku nzima." Akamgeukia Idi. "Mwenzako huyo amecheka lini mara ya mwisho?"

Idi akafikiri. "Hajacheka. Labda... mwezi uliopita nilimburuta kantini. Yule mama wa Kigogo anayepika pale kamuuliza kabila, kasikia Mnyamwezi, kamwambia, 'Kumbe mtumwa wangu, simama nyuma ya foleni.' Maganga akamjibu. Sikumbuki alimjibu nini, lakini walijibizana mpaka chakula kikapoa. Siku hiyo alikula."

Bi. Hawa aliacha kumenya. Macho yake yakapanda taratibu mpaka juu ya swichi ya taa, yakakaa pale. Aliuliza tu, "Yule binti wa Bahi anakaa wapi?"

Asubuhi nilikwenda Chang'ombe, ambako Damari alipanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengi. Nilimkuta uani anafua, yeye na wanawake wengine watatu, povu limejaa mpaka kwenye mlango.

"Hodi."

"Nani?"

"Festo. Wa ofisini."

"Yule wa kanuni?" Hakuinua kichwa. "Hapa kwangu napo pana kanuni. Mhehe anavua viatu barabarani."

Wanawake wakacheka. Nikavua viatu. Nilisimama kwenye maji ya sabuni na soksi zangu nyeupe, na nikaona aibu kidogo kuliko nilivyotarajia.

"Damari, nimekuja kuomba."

"Mhehe anamwomba Mgogo! Jamani leo mvua itanyesha mwezi wa saba. Hebu rudia, mama huyu hakusikia vizuri."

Nikarudia. Kisha nikamwambia habari za Maganga, kwa kifupi, pembeni. Nilipofika kwenye koti, kicheko kikamtoka usoni.

"Kagawa koti?"

"Ndiyo."

Akakamua nguo iliyokuwa mkononi, akaitupa kwenye beseni. "Nipe dakika nibadili kanga."

Kwenye bajaji nilimfundisha somo ambalo hakulifikia kwa sababu nilimfukuza kabla. Lilikuwa swali moja tu. Nilimwambia kwamba muda utakapofika aliulize waziwazi, bila kuzunguka: unataka kujiua?

Alinitazama kana kwamba nimemtuma kuiba. "Hivyohivyo? Si nitamtia wazo?"

"Hutamtia. Kama lipo, limeshamwingia siku nyingi na liko naye peke yake. Ukimuuliza, anajua kwamba linasemeka."

"Na akisema ndiyo?"

"Usimhubirie. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, na humwachi. Mimi na Bi. Hawa tuko hapohapo."

"Na mimi nikilia?"

"Lia. Ila usiondoke."

Akaitikia kwa kichwa. "Hiyo kanuni naiweza."

Wasichana hawaruhusiwi kuingia kwenye bloku za wavulana, lakini chumba cha Idi na Maganga kilikuwa chini, na dirisha lilitazama uwanja. Damari alisimama katikati ya uwanja ule, upepo unampeperushia kanga, vumbi linapita, wavulana wanachungulia kila ghorofa. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na Bi. Hawa.

"Mwangaluka!" Damari akapaza sauti, akiivuta salamu ile ya Kinyamwezi kwa dharau yote aliyoweza. "Maganga! Mtumwa wangu! Yumo humu?"

Damari akakaza kanga kiunoni.

"Najua yumo. Mnyamwezi hawezi kukimbia, miguu yake imezoea mizigo." Kicheko kikashuka kutoka ghorofani. "Babu zako walipita kwetu Ugogo wamebeba pembe kichwani, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kupita bila kumsalimia mwenyeji. Wewe mwaka wa pili huu uko nchini kwangu, unakunywa maji yangu, hujaja kunisalimia. Hilo nimekusamehe. Sasa nasikia unagawa makoti. Nani kakuruhusu kugawa mali ya Wagogo? Mali ya mtumwa ni ya nani?"

Nilianza kuhesabu makosa yangu yote ya maisha. Kisha sauti ikatoka dirishani, kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Wagogo wana mali? Mlenda nao ni mali?"

Bloku nzima ililipuka. Bi. Hawa alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

"Kumbe una mdomo!" Damari akajibu, na mimi peke yangu niliyekaa naye kwenye bajaji ndiye niliyesikia sauti yake ilivyotetemeka. "Toka nje ujibu vizuri. Bwana hajibiwi kupitia dirishani. Na nina karanga."

Alitoka. Alikuwa amekonda, hajachana nywele, amejifunga shuka. Wavulana wa ghorofani, nitawashukuru daima, walirudisha vichwa ndani bila kuambiwa. Damari na Maganga wakakaa barazani, bega kwa bega, mfuko wa karanga katikati. Wakaendelea kutaniana. Sikusikia yote. Nilisikia ng'ombe, nilisikia tumbaku, nilisikia Maganga akisema Mgogo akiona mvua anadhani ni muujiza. Alikuwa anamenya. Alikuwa anakula.

Kisha Damari akaacha kucheka. Aliweka karanga chini, akajifuta mikono, na kwa sauti ambayo sikujua kama anayo akasema, "Maganga. Utani nimeuweka pembeni sasa. Unataka kujiua?"

Upepo ulipita na vumbi lake. Maganga alimaliza kumenya karanga iliyokuwa mkononi, hakuila.

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema Damari. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Siondoki. Twende hospitali wote. Utakwenda na mimi?"

"Watasema nimekuwa kichaa."

"Watasema nini? Wewe unakwenda na bwana wako. Mtumwa hatembei peke yake."

Akacheka kidogo, huku analia. Wakainuka. Mlangoni Idi alikuwa amesimama na lile koti. Alimvisha tu mwenzake juu ya shuka, akalifunga vifungo, na sisi sote tukatembea mpaka kwenye bajaji, kwa miguu yetu, mchana kweupe.

Daktari alikaa naye muda mrefu. Damari alikaa kwenye benchi la nje muda uleule, na kila muuguzi aliyepita akimwuliza yeye ni nani wa mgonjwa alijibu, "Mtani wake," na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba hilo halitoshi. Maganga alilazwa, akapewa dawa, akapewa mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Mama yake alikuja kutoka Sikonge. Mama mlezi alipigania aahirishe mwaka badala ya kudisko, akashinda. Mwaka uliofuata Maganga alirudi darasani, akasoma, akafaulu. Nasema hivi kwa haraka kwa sababu hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na dawa, na muda, na watu waliokuwa wanakwenda kumwona kila Jumamosi.

Jioni ya siku ile ya hospitali nilirudi stooni kuibandua karatasi. Nilikuwa nimeibandika vizuri sana. Ilitoka na rangi ya ukuta.

Msidhani nilipona ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kinyooke. Muhula uliofuata niligeuza utani kuwa somo. Nilichora jedwali la makabila na watani wao, nikawapanga wanafunzi wawili wawili, nikawaambia, "Anzeni kutaniana." Hakuna aliyefungua mdomo. Mpare na Mchaga waliangaliana kama wako kwenye mahojiano ya kazi. Binti mmoja, Farzana, ambaye familia yake ya Kihindi ina duka la vitambaa mjini tangu kwa babu, aliinua mkono akauliza, "Kaka, mimi kwenye jedwali niko wapi?" Wengine wawili waliokulia mjini wakasema hata wao hawajui watani wao.

Damari, ambaye sasa tulikuwa tunafundisha pamoja, alinipokonya chaki. "Achana na jedwali. Farzana, nyumbani kwenu nani anaruhusiwa kukusema ukanuna, halafu ukacheka?"

"Bibi," akasema bila kufikiri. "Ananiita mzee wa duka."

"Basi, huyo ndiye mtani wako. Kila mtu anaye mmoja. Kazi yetu ni kumtafuta." Akafuta jedwali langu lote, pamoja na mistari niliyoipiga kwa rula.

Hilo ndilo somo tulilolifundisha tangu hapo, na nawaachia ninyi mlifundishe. Ukiletewa habari za mtu aliyejifungia, usianze na sentensi. Anza na kuuliza ni nani mwenye ruhusa kwake: mtani, bibi, shemeji, mtu wa timu pinzani. Huyo ndiye atakayefungua mlango. Akishafungua, sasa zile kurasa zote nilizosoma zina kazi, kwa sababu mwenye ruhusa naye asipofundishwa atacheka naye mpaka jioni, amuage, aende zake, na lile swali halijaulizwa.

Mipaka yake aliiweka Damari, si mimi. Siku moja kijana mpya aliutoa ule utani wa Wahehe kujiua, mbele yangu. Nilihisi kapu langu la zamani likitaka kufungika. Damari akamkata. "Huo siyo utani, huo ni uvivu. Mtani anajua kinachomuuma mwenzake, anakizunguka. Mtanie Mhehe kuhusu pombe yao ya ulanzi, kuhusu baridi, kuhusu wanavyoongea kama wanagombana. Kaburi liache." Kijana akaomba radhi. Baada ya somo nikamweleza kijana yule habari za baba yangu mdogo, na ilikuwa mara ya kwanza kuzisema kwa sauti chuoni pale. Akanimenyea karanga.

Maganga alipofika mwaka wa mwisho alikuja mwenyewe kufundishwa. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, anachelewa, anasahau, anacheka sana. Muhula wa pili ilikuja kesi ya kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa haongei na mtu, Mgogo wa Mpwapwa, na hatukuhitaji kujadili nani aende. Tulimsikia Maganga kutoka mbali, anapaza sauti chini ya bloku kwamba Wagogo wameanza kujificha tangu walipoona Wanyamwezi wamesoma. Baada ya saa moja walipita mbele ya ofisi yetu, yeye na yule kijana, wanaelekea barabarani kutafuta bajaji. Alinipungia mkono bila kusimama. Nilitaka kuwafuata nihakikishe anauliza lile swali, anatumia maneno sahihi, hamwachi peke yake. Nilifika mpaka mlangoni. Bi. Hawa akaniambia kaa, nikakaa.

Walirudi jua likizama, na yule kijana alikuwa na dawa na tarehe ya kurudi.

Zamani mwanafunzi akizidiwa alibebwa na walinzi kwenye gari la chuo, akaachwa mapokezi na mtu asiyemjua jina. Siku hizi anakwenda kwa miguu yake, mchana, na mwenzake, na mwenzake anakaa kwenye benchi mpaka daktari amalize.